Kura Moja ya Eringeti

Butembo, siku ya kwanza ya juma, 27/11/2023

Nimeanza daftari hii kwa sababu watu wakubwa wote wana daftari. Mimi Josaphat, muandika mabango wa Mususa, ni suppléant wa pili wa Melchior, anayetafuta kiti cha député wa taifa kwa territoire ya Beni. Suppléant wa kwanza ni Esdras, mwenye pharmacie. Melchior akifa, anaketi Esdras. Esdras akifa, naketi mimi. Siwatakii mabaya. Ila leo Esdras amekohoa mara tatu. Nimeandika.

Melchior ametuambia: kati yetu wawili, atakayeleta kura nyingi ndiye directeur wa bureau yake Kinshasa. Kinshasa! Mke wangu Florentine ameuliza kama kule wanakula mabango.

Siku ya ine, 30/11

Chama kimehama. Nililala upinzani, nikaamka majorité. Mara ya tatu mwaka huu. Melchior anasema yeye hakusogea, nchi ndiyo imesogea. Shida ni tisheti: mia mbili, zote za kijani, na marafiki wapya ni wa njano. Nimepata akili. Nitazichovya ndani ya rangi. Florentine anasema kijani na njano hapana kuzaa njano. Wanawake!

Siku ya tano, 1/12

Hazikuzaa njano. Zimetoka rangi ya matope ya mto Kimemi wakati wa mvua. Sura ya Melchior imebaki kifuani, mais kama ya mtu aliyezikwa kisha akafukuliwa. Esdras amecheka mpaka akasahau kukohoa.

Nimegawa arobaini kwa wakimbizi wa Eringeti, waliowakimbia wauaji wa msituni, wakapanga hapa Mususa. Hao hawachagui rangi. Mzee Syauswa amepokea yake kwa mikono miwili, akaomba nimsomee jina lililo chini ya sura. Akasema: “Nimepokea, donc nitamupigia kura. Kinywa yangu ni moja.” Wazee wa namna hiyo wamebaki wachache. Wanafaa sana.

Siku ya yenga, 10/12

Leo misani, wakati wa mahubiri, nimeona jambo ambalo Esdras hawezi kuona. Hawa wakimbizi waliandikishwa Eringeti mwezi wa pili. Walikimbia mwezi wa tano. Carte inapiga kura pale tu ilipoandikishwa. Nimeuliza nyumba kwa nyumba: wenye carte ni kumi na mmoja. Kura kumi na moja zinalala Mususa bure! Moja inalala kwangu kabisa, katika chumba cha mabango: ya mama mukwe, Mama Kahongya. Dawa ni camion. Kwenda, kupiga, kurudi, siku moja.

Kwetu, mukwe hamshurutishi mama mukwe uso kwa uso. Unatuma mtu. Nimemtuma Florentine. Amenigeukia: “Kule mama aliacha kaka yake katikati ya kakao, bila kichwa. Sasa anaenda kutafuta nini? Kichwa yako?”

Nimemtuma Syauswa. Nilimwambia aseme kakao ya shamba lake imeiva. Si uongo, mwezi wa kumi na mbili kakao inaiva. Nilisimama nyuma ya ukuta. Mama Kahongya aliuliza: imeiva kweli? Halafu nikasikia anatafuta panga lake la kuvunia.

Nimeshinda.

Siku ya pili, 19/12

Nimepatana na Issaka, mwenye Fuso. Safari ni kesho kabla jua halijatoka. Sharti lake: saa nane ya mchana anageuza gari, wamepiga ao hawakupiga. Anasema: “Muchana, Eringeti ni ya batu. Kisha saa kumi, hapana.” Halafu: “Na weye, chef, unapanda mbele ao nyuma?” Nimemweleza kwamba kichwa cha kampeni hakipandi camion. Issaka amekitazama kichwa changu kwa muda mrefu.

Florentine hasemi na mimi. Alimfunga mama yake kikwembe, akafungua, akafunga tena.

Siku ya tatu, 20/12. Uchaguzi!

Machine ya kura imefika Eringeti saa saba, bila batri. Saa nane Issaka amepiga simu: anageuza. Nikaomba anipe Syauswa. Mzee ameniambia mstari ni mrefu na watu wanaanza kuangalia msitu. Nikamkumbusha ile habari ya kinywa kimoja. Amejibu: “Ni kweli. Nilisema.”

Issaka amerudi na tisa, bila wino kidoleni. Wawili wamebaki. Mama Kahongya alikataa kumwacha mzee peke yake. Kura mbili, si kumi na moja. Hasara kubwa!

Siku ya ine, 21/12

Simu za Eringeti hazipiti. Florentine ameketi barabarani tangu asubuhi. Hakupika. Nimekula ndizi.

Siku ya posho, 23/12

Mama Kahongya amerudi, juu ya mizigo ya Issaka. Kidole kina wino. Ndani ya kikwembe, kakao tano. Ameketi mbele yangu, uso kwa uso, desturi ameiacha mlangoni. Sikujua nitazame wapi.

Amesema walipiga saa moja ya usiku, kwa taa ya simu, wakalala katika darasa. Asubuhi karatasi ya matokeo ilikuwa imebandikwa mlangoni. Melchior: kura moja. Syauswa alicheka, akasema ile moja ni yake. Kisha akamsindikiza kwenye shamba. “Kakao ilikuwa imeiva, mukwe. Haukunidanganya.” Wauaji walitokea bondeni. Yeye alilala chini ya majani. Mzee hakuwahi. Kisha watu walimtambua kwa tisheti. Sura iliyokuwa imebaki ni ya Melchior.

Florentine alianza kulia. Mimi nikauliza kwa heshima: na kura yako, mama? Akasema: “Miye nilifwata kakao. Nilibonyeza picha ya mwanamuke mumoja mwenye kucheka muzuri.”

Esdras ameleta kura mia nne, zote za Oicha, na hakupoteza mtu. Bahati tu.

Siku ya kwanza, 8/1/2024

Matokeo ya taifa bado, mais Melchior anajua ameanguka, donc amehama tena. Chama kipya hakina kadi wala rangi. Kina bunduki. Amenipigia kutoka mahali ambapo hakupataja, sauti ya mbio, akisema mambo ya kura yamekwisha, sasa nchi itasogezwa kwa nguvu, na yuko anaandika watu. Esdras amemkatia simu. Mpumbavu! Kwa hiyo mimi ni wa kwanza. Wa kwanza, na hakuna mtu aliyelazimika kufa!

Tisheti mia moja na sitini zimebaki. Rangi ya matope: ile ile inayotakiwa porini. Tuseme niliona mbali.

Florentine amemchukua mama yake, wamehamia kwa shangazi, mtaa wa Kimemi. Amebeba sufuria zote. Itapita.

Melchior anataka watu watatu wanaojua vijia vya Eringeti. Nimeandika Syauswa. Nimefuta. Nimeandika Mama Kahongya: anazijua njia, ametoka huko mzima. Mimi siwezi kumwambia uso kwa uso. Kesho nitatuma mtu Kimemi, amwambie kakao nyingine ingali juu ya mti.