Malalamiko Kuhusu Gari Jekundu Nisilokuwa Nalo

Los Jengibres,
Jumapili, siku kumi na moja kabla ya Alhamisi Kuu.

Kwa Bi Ligia Santelises,
Msimamizi wa Darasa la Watu Wazima la Kiingereza cha Kusema,
Ukumbi wa Parokia.

Bi Ligia mheshimiwa,

Pokea salamu za mtu aliyekujua tangu ukikimbia uchi kwenye mvua, na ambaye leo, kwa heshima zote, anakuandikia kama mshtaki. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Shule niliacha darasa la tatu, si kwa ujinga, ila mwalimu alikuwa amefika mwisho wa anayoyajua.

Namshtaki Mwalimu Damaris, kitabu chake cha kijani, na lugha ya Kiingereza kwa jumla.

KWANZA. Kitabu kinanilazimisha kusema uongo. Nina miaka themanini na moja na sijawahi kudanganya, ukiondoa wanawake, wanunuzi wa kakao na askari wa barabarani. Mwalimu anauliza kwa Kiingereza, "Hujambo, habari yako?" Jibu la kitabu ni moja tu: "Mzima, asante, na wewe?" Nikasema mimi si mzima. Goti la kulia limevimba kama boga. Nikaanza kulieleza, kwa Kihispania, maana ndiyo lugha goti langu linayoijua. Kutoka gotini nikapanda mgongoni, na nilikuwa sijafika kwenye kibofu Fello kinyozi akapiga kelele kutoka nyuma: "Mzee, si ufe tu, tuende ukurasa wa pili!" Darasa zima likacheka. Na Mwalimu alicheka. Alijificha nyuma ya kitabu lakini mabega niliyaona.

PILI. Ukurasa wa tano kuna picha ya mwanamke mwenye nywele za manjano. Kila mwanaume lazima amwonyeshe kwa kidole na kusema: "Huyu ni mke wangu. Mke wangu ni mrefu." Fello alisema mara tatu, ingawa aliambiwa mara moja. Mimi nilikataa. Mke wangu Ramona, Mungu amrehemu, alikuwa mfupi, mnene, mweusi, na mwenye wivu hata wa picha za watakatifu. Yuko kaburini mwaka wa sita sasa, lakini mimi namjua yule, masikio yake hayajafa. Nikasema mbele ya wote kwamba nitazikwa kabla sijaitamka sentensi hiyo. Naomba liandikwe kwenye kumbukumbu za darasa.

NNE. (La tatu nimelihifadhi kwa ajili ya Askofu.) Ni hilo gari. "Nina gari. Gari langu ni jekundu." Sina gari. Nina punda, anaitwa Kapteni, rangi yake ni ya vumbi, na hakuna gari jekundu wilaya hii lililowahi kupanda kile kilima na magunia manne ya muhogo wangu, ambao, kama unavyojua, ni mrefu kuliko padre. Mwalimu akanibembeleza: "Mzee wangu, chukulia sentensi ni shati la duka. Lijaribu tu, hakuna anayekwambia ununue." Nikamjibu, "Binti yangu, mimi najaribu shati lililo saizi yangu." Basi Alhamisi, ili kumaliza ubishi, nikaleta shahidi ukumbini. Nakiri Kapteni alikula bango la matunda, kuanzia nanasi mpaka nusu ya tikiti maji. Nakiri pia kile alichokiacha karibu na sanamu ya Mtakatifu Yosefu. Lakini punda ni mkweli: alichokuwa nacho ndicho alichotoa.

Kwa hilo nikafukuzwa mpaka niombe radhi. Mimi!

Sasa Bi Ligia, nisikilize vizuri. Mjukuu wangu Nereida yuko Nyuyoki mwaka wa kumi na mbili. Ana binti wa miaka minane, Yarielis, ambaye hajui lugha ila hicho Kiingereza. Alhamisi Kuu wanakuja, na mtoto hajawahi kukanyaga hapa. Kila Jumapili wanapiga simu. Mtoto anasema sentensi yake. Na mimi, niliyemnyamazisha mgombea ubunge juu ya jukwaa lake mwenyewe, sina la kusema. Tunabaki tunasikilizana tukipumua, yeye kule na mimi huku, mpaka mama yake achukue simu. Leo tena tumepumua.

TANO, na hili ndilo kubwa. Hapa kwetu mtoto akimwona babu hasemi hujambo. Anasema, "Baraka, babu," babu anajibu, "Mungu akubariki," ndipo mengine yafuate. Bila hayo mtoto hajafika, hata kama amesimama mbele yako na begi mgongoni. Nikamwomba Mwalimu sentensi hiyo, nimtumie Yarielis ajiandae. Akasema haimo.

"Wale hawaombi baraka, mzee. Wanasema hujambo, basi."
"Hata kwa babu?"
"Hata kwa babu."
"Na babu anaitika?"
"Anaitika vizuri tu."
"Basi huyo si babu, ni mpangaji."

Kwa hiyo nadai kitabu cha kijani kichomwe na kiandikwe kingine chenye sentensi za kweli, kwa mfano: Nina punda. Goti linaniuma. Mke wangu alikuwa mfupi na nilimwogopa. Nadai ubalozi uandikiwe barua, Wamarekani wote waanze kuomba baraka. Wakishindwa, mji wa Nyuyoki ujifunze Kihispania kabla ya Alhamisi Kuu. Nereida anasema nusu yao wanakijua tayari, kwa hiyo kazi iliyobaki ni nusu. Niko tayari kuwafundisha mwenyewe, Jumanne na Ijumaa, nikishamnywesha punda.

Radhi siombi.

Nisalimie mama yako, padre, yule mama mfagiaji aliyeshughulikia mambo ya Kapteni, wanadarasa wote, na hata Fello, ingawa nywele sasa nakatia kijiji cha pili.

Ni mimi, kwa heshima na bila kupinda, maana hata goti halipindi,

Tiburcio Almánzar,
mkulima, mgane, bingwa wa dhumna.

Baada ya sahihi: Barua hii imekaa ndani ya kofia yangu siku kumi nikimngoja mtu wa bodaboda, na wageni wamewahi. Wamefika leo, Jumatano. Mtoto aliteremka akasimama langoni akinitazama. Mfupi, mnene, mweusi, macho yaleyale ya Ramona. Baraka hakuomba. Nikangoja. Nikangoja tena. Kisha mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikaanza: "Hujambo, habari yako?" Akanijibu, Bi Ligia! Akaniuliza na mimi. "Mzima, asante, na wewe?" nikasema. Akacheka. Alivyocheka nikampa na lile lililobaki: "Nina gari. Gari langu ni jekundu." Baraka nikampa hivyo hivyo bila kuombwa, kwa Kihispania, akasema asante.

Sasa ananivuta mkono na kuniuliza kitu kuhusu hilo gari, nadhani anataka kujua liko wapi, na ukurasa huo sikuufikia. Naomba radhi. Najua ukumbi umefungwa kwa Wiki Kuu, lakini Mwalimu anaweza kuja nyumbani hata sasa hivi, sufuria ya maharage matamu ya Kwaresima iko jikoni. Na aje na kitabu. Mwambie kwamba yule mwanamke wa ukurasa wa tano ni mke wangu, na ni mrefu.