Majani ya Nje ya Tuta

Jumatatu, 3 Oktoba 1636
Bahari imenikumbuka! Nje ya tuta linalotukinga na bahari, mahali palipokuwa tope tupu, leo nimeona majani. Mafupi, ya chumvi, kondoo huyapenda kupita kiasi. Yako kati ya eneo langu na la jirani yangu, mjane Thomasin Gooch, na hayana mwenyewe. Nami, Jasper Twitchett, sina malisho ya kutosha! Bila majani hayo itabidi nimuuze kondoo wetu Kidoti kabla ya baridi. Mke wangu Avis alimlea Kidoti jikoni kwa maziwa. Amesema nikimpeleka sokoni, nitafute na pa kulala huko huko.

Mpango: nalisha kwanza, naapa baadaye mbele ya wazee kwamba malisho ni yangu. Avis ameuliza ni nani huziba matundu ya tuta nyuma ya majani hayo. Wanawake na maswali yao!

Jumanne, 4 Oktoba
Nimewapeleka kondoo. Mjane akapanda juu ya tuta na mwiko mkononi, akapiga kelele mpaka kunguru wa kanisani wakaruka. Eti majani ni yake, eti nitayachukua akiwa maiti. Kelele zote hizo! Basi ni mali kweli.

Maji yakajaa ghafla. Kondoo wakatoka, mimi nikabaki, tope kiunoni. Mjane akanivuta kwa reki. Akasema, "Usinifie hapa, bwana wee, kesi yetu bado!" Akanipa mchuzi wa mikunga. Nimeunywa kwa uadui. Bakuli mbili.

Alhamisi, 6 Oktoba
Ushindi! Wazee wa tuta, waamuzi wa kesi yetu, wameketi chumba cha nyuma cha kilabu cha pombe. Nimeapa kwamba ni kondoo wangu wanaokula pale. Nikatoa na machozi kidogo. Mjane akashusha pumzi, akasema yeye ni mwanamke mpweke, atamweza wapi Twitchett? Nipewe majani, pamoja na yote yanayoambatana nayo. Mzee mmoja akapaliwa na pombe. Wivu huo.

Nimemweleza Avis. Akauliza, "Yote yapi?" Nimelala nikiwa tajiri.

Ijumaa, 7 Oktoba
Yote ni tuta.

Desturi ya hapa: anayelisha mbele huziba nyuma. Kipande kirefu, kimetobolewa na fuko hadi kinapitisha upepo. Mjane amekiziba peke yake kila vuli tangu mumewe afariki, na mgongo umemwisha. Sasa ni changu. Na kesho maji makubwa! Tuta likipasuka, shayiri ya kijiji kizima italiwa na chumvi, na atakayelijenga upya atachukua ardhi yangu yote, nyumba na Kidoti ndani yake. Nimemwambia Avis. Alichukua koleo tu. Ningependelea anitukane.

Jumamosi, 8 Oktoba
Udongo, fito, udongo. Mikono imechubuka. Mchana mjane akaja na matenga yake na kuanza kushindilia bila salamu. Nikamuuliza kisa cha kunisaidia, naye ndiye aliyenitega. Akasema nyumba yake nayo iko chini ya tuta hilo hilo, mjinga mie. Alitaka kupumzisha mgongo, hakutaka kunizika. Avis akacheka mpaka akakaa kwenye tope. Nikacheka nami, ingawa sikuona cha kuchekesha.

Maji yakaja. Yakapanda, yakalamba ukingo, yakasimama. Tuta limeshika! Nimewakumbatia wote wawili, na Kidoti. Nawapenda, naandika wazi. Nimeapa: ujanja basi.

Jumapili, 9 Oktoba
Baada ya ibada nimekwenda kuyaona majani yangu. Hakuna. Bahari imeyazoa hadi mzizi. Nimewauliza wazee kama tuta nalo limeondoka kwangu. Wamesema tuta halijaenda popote, nami nisiende.

Avis amemwambia mjane kuhusu Kidoti. Mjane amesema ana nafasi zizini, alale kwake baridi yote, na nyasi za kumlisha zipo. Ningemwomba tangu Jumatatu, asema, angenipa. Sikujua kwamba watu huomba.

Jumatatu, 10 Oktoba
Lakini! Tope lililozolewa limetua mbele ya kipande kingine cha tuta, kile cha mjane, pana maradufu. Majani bado, ila yataota. Avis ameuliza lile swali lake la nani huziba tuta. Sikumngoja amalize. Nimechomeka fimbo yangu katikati, na hapo hapo mjane akatokea juu ya tuta na mwiko, akilia kwamba ni lake, nitalichukua akiwa maiti.

Amepiga kelele kuliko mara ya kwanza. Basi hili ndilo lenyewe!