Nilivyopata Mume Ofisi ya Ustawi

Jumatatu, 3 Machi

Chiriku wangu ametoka kuilisha uji picha yangu ya kitambulisho. Sasa hivi! Kaipaka mdomoni kwa kijiko, ati Mama kula, mbona umenuna. Nilitaka kugomba, nikaishia kumbusu. Miaka minne tu na huruma yote hiyo! Picha nimeifuta kwa upindo wa gauni. Itafaa.

Ofisi ya ustawi wamesema faili moja, mambo mawili: kitambulisho changu, na posho ya mzazi anayelea peke yake. Posho ikitoka, Chiriku anaingia chekechea. Isipotoka, ataendelea kushinda chini ya cherehani yangu akitafuna vifungo. Kesho afisa anakuja kukagua nyumba. Nimedeki mpaka ukuta!

Jumanne, 4 Machi

Yamenikuta! Afisa, mama mwenye miwani kwenye ncha ya pua, hakuvuka hata kizingiti. Alikwama kwenye mabuti ya kiume mlangoni. Akatazama na suruali kwenye kamba. Akauliza baba mwenye nyumba yuko wapi. Nikaapa hayupo. Mabuti ni ya kutishia wezi, na wanaume wapenda kubisha hodi. Kila mwanamke anayeishi peke yake hapa uani ana yake! Mimi huyapaka hata tope kila asubuhi, yaonekane yametoka kazini. Akasema, dada, nimesikia mengi lakini hili ni jipya. Akaandika: mume yupo.

Msusi wa chumba cha pili alikuwa anachungulia, kashika mbavu kwa kicheko. Kumbe yeye alificha mabuti yake uvunguni siku alipokaguliwa, na posho anakula! Hakuniambia. Jirani gani huyo?

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kulalamika. Wamesema kama mume alinitoroka, aje mwenyewe akiri mbele ya afisa. Jamani! Aliyetoroka aje kusema ametoroka? Baba Chiriku alitoweka mimba ikiwa changa, na hata jina alilonipa halikuwa lake. Nitamchimbua wapi?

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Kinyozi wa pale kona ni mpole, hana mke. Nimemwomba awe mume wangu kwa asubuhi moja tu. Aje, aseme alituacha, aende zake. Kakubali. Kauliza avae nini.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwisha! Kaja na tai!

Nilimfundisha aseme hivi tu: niliwaacha, sirudi. Akaanza vizuri, niliwaacha. Hapo Chiriku akamkumbatia mguu, akamuuliza kama ana pipi. Sura ikamlegea. Machozi haya! Akapiga magoti kwenye sakafu ya ofisi, ati nimekosa, ati ni shetani, ati mke wangu nirudishe nyumbani. Foleni nzima vigelegele! Bibi nisiyemjua akanifinya mkono, ati samehe mwanangu, mwanamume anayelia haokotwi njiani. Afisa akavua miwani, akajifuta macho. Kisha akagonga mhuri.

Nje nikamuuliza kinyozi ndiyo nini vile. Akasema maneno yalimjia yenyewe, hata yeye kashangaa.

Jumatatu, 10 Machi

Kitambulisho kimetoka. Hali ya ndoa: ameolewa. Ameolewa! Na mtu ambaye hata maji hajawahi kunywa kwangu! Posho wamekataa. Na chekechea inafunguliwa wiki ijayo. Nimelia kidogo, Chiriku akanipangusa kwa soksi yake.

Nimerudi kwa afisa. Anasema njia ni moja: ithibitike mume ana mke mwingine anayeishi naye. Basi, kumbe rahisi! Msusi nimemsamehe, maana nina shida naye. Kesho ataingia ofisini akipiga kelele kwamba kinyozi ni mumewe na mimi nimwachie. Kakubali upesi mno, mpaka hereni kanunua. Kinyozi naye kakubali, ila anaona haya, anasema angependa kwanza atuzoee. Sawa, azoee. Safari hii hapaharibiki kitu. Msusi ana roho ya jiwe, halii mbele za watu. Kinyozi nimemwonya asimtazame mtoto usoni. Jambo hili nimelipanga likapangika, kilichobaki ni

Msusi ananiita huko nje. Anasema nitoke mbio, kinyozi yuko uani na sanduku lake la nguo na godoro, na ati anauliza kitanda