Skuta Isiyo na Kiti cha Fabiola

Kidete,
Wilaya ya Kilosa.
14 Juni 1998

Mkurugenzi,
Chuo cha Skuta za Chini ya Maji,
Mikumi.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: SKUTA ISIYOBEBA MKE

Pokea salamu zangu pamoja na hasira zangu, zote katika bahasha moja kwa sababu stempu zimepanda bei.

Mimi ni Kasian Lukasi, mwanafunzi wako namba saba, mfanyakazi wa reli kwa miaka ishirini na miwili kabla ya kupunguzwa. Mke wangu Fabiola yuko kwa dada yake Lea, ng'ambo ya mto Mkondoa. Nikisimama mlangoni naona moshi wa jiko lao. Mvua zilipobeba daraja nikaja kwako Mikumi kujifunza kumfuata kwa kupita chini. Soko huria limetuletea mitumba na soda za kopo. Sikuona kwa nini lishindwe kunirudishia mke. Nimesoma wiki tano, nimerudi nyumbani, na Fabiola bado yuko kulekule. Malalamiko yangu ni haya:

1. Skuta naijua. Padri wetu alikuwa nayo: magurudumu mawili, kiti kirefu, mbele padri, nyuma katekista. Nilikuja na leseni na kofia ngumu. Mkufunzi wako Goodluck akanikabidhi kitu mfano wa mtungi wa gesi, chenye feni, unakishika kwa mikono miwili kinakuburuta. Abiria atakaa wapi? Goodluck akasema, "Mzee, mwambie mama ashike miguu yako." Fabiola hajanishika hata mkono tangu Krismasi.

2. Chini ya maji watu husemezana kwa vidole. Kwetu dole gumba maana yake mambo safi. Kwenu maana yake nipandishe juu. Kila nilipofurahi nilitolewa majini. Mwenzangu Mhoja, ambaye ni mtu wa kununa, amehitimu.

3. Tangazo lilisema maji wazi. Bwawa mlilotupeleka lilikuwa wazi kweli, kwa viboko.

4. Mapango ya kupigia mbizi mliyotuahidi. Pango pekee nililoliona Mikumi ni la chumba, nililomlipa mama mwenye nyumba kila Jumamosi. Hilo lenu ni kalavati la reli! Kalavati hilo nimelizibua kwa mikono yangu mara kumi, na hakuna aliyenipa cheti. Humo tulifundishwa kugawa hewa mafungu matatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya dharura. Nikauliza Fabiola atavuta ipi, Goodluck akakuna kichwa. Nimepiga hesabu mwenyewe: mimi nitatumia ya kwenda, yeye ya kurudi, na tukianza kugombana katikati tutaimaliza ile ya dharura.

Kwa hiyo naomba skuta ifungwe kiti, na mafunzo yahamie Mkondoa. Tena, kwa kuwa mafundi wa daraja wameshaonekana wakipimapima, uiandikie Wilaya isimamishe ujenzi mpaka nihitimu. Daraja likijengwa sasa kila mtu atavuka tu, na elimu yangu itakuwa ya kazi gani?

Nisalimie Goodluck, Mhoja kama bado amenuna, mama mwenye nyumba, na viboko wote kwa kufuata umri.

Wako katika ujenzi wa soko huria,

Kasian Lukasi

N.B. Nikiwa nalamba bahasha, shemeji Lea amekuja kuazima chumvi. Amekuja kwa miguu. Nakiri kwamba huja hivyo kila siku. Maji yalishuka mkiwa bado mnanifundisha kuvaa miwani, sasa yanafika magotini na mbuzi wanavuka bila cheti. Nakiri pia kwamba Fabiola hakuzuiwa na mvua. Aliondoka siku niliyouza cherehani yake ya mkono ili nilipe ada yako, kwa hiyo hata hiyo habari ya kusoma ili nimfuate niliitunga baadaye. Nimekuwa naogopa kwenda mikono mitupu, basi. Lea anasema dada yake haulizi habari za mto wala za skuta, anauliza cherehani iko wapi. Futa yote niliyoandika hapo juu. Nirudishie ada nikaikomboe kwa fundi Marko niliyemuuzia, kabla hajaiuza kwa mtu mwingine, na daraja wajenge. Cherehani nitaivusha mwenyewe kichwani, mchana kweupe, kwenye maji wazi.