Mikono Ndani ya Mfuko Mweusi

Jina la Mtaalamu alijipa mwenyewe, baada ya kuona watu wanachelewa kumpa. Filamu hajawahi kusafisha hata moja. Alichojua ni kwamba siku hizi watu wamerudia kamera za zamani, wanataka kusafisha picha nyeusi na nyeupe nyumbani, na hawajui wanunue nini. Basi alishinda mlangoni pa duka la picha, akitega sikio.

Kifaa chake kipenzi kilikuwa mfuko mweusi wenye mikono miwili, kama shati. Unatia ndani filamu na tangi, lile kopo la kuisafishia lisilopitisha mwanga, unafunga zipu, unaingiza mikono na kuviringisha filamu gizani kwenye gurudumu la tangi. Ukichomoa mikono kabla ya kulifunga tangi, mwanga unaingia, picha kwaheri. Mteja akishanasa hapo, Mtaalamu alisema, "Narudi sasa hivi," akabeba kinachobebeka. Mwezi uliopita alimfanyia hivyo mjane mmoja, akaondoka na kamera ya marehemu mumewe. Yule mama hakulilia kamera. Alililia filamu iliyokuwa ndani, yenye picha ya mwisho ya mumewe. Mtaalamu hata kuifungua kamera yenyewe alishindwa.

Safari hii aliyenasa alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa makamo aliyeulizia vifaa dukani kwa sauti kubwa siku tatu mfululizo. Mtaalamu alimfuata hadi chumba chake cha kushonea, akapanga mezani tangi, kipimajoto, chupa tatu za dawa (maji ya sabuni, tusifichane) na ile kamera ya mjane. Alimweleza kuwa tangi la plastiki ni la wanafunzi. Mtu na heshima zake huchukua la chuma. Fundi alisikiliza kwa adabu. Shingoni hakuwa na tepu ya kupimia, lakini Mtaalamu hakuwa amekuja kupimwa.

Fundi aliinua kamera. Mkanda wake ulishonwa kwa uzi wa kijani, rangi ileile iliyokuwa kwenye cherehani. Juu ya kamera kidirisha bado kilionyesha picha ya ishirini na mbili, filamu imo ndani. Akairudisha mezani, akatoa kikopo cha filamu.

"Hii aliniachia marehemu baba," alisema. "Ndani kuna namba. Sefu yake sijaifungua mpaka leo. Naogopa kuiharibu, kaka, nianzie wewe."

Mtaalamu alitia kikopo na tangi kwenye mfuko mweusi, akazama hadi viwiko.

"Mikono usitoe, nakuomba."

"Dada, hii ndiyo kazi yangu."

Fundi akavaa viatu, akatia kamera kwenye pochi. Alisema anampelekea mdogo wake aiangalie, yeye ndiye anayeijua vizuri.

"Narudi sasa hivi," akaaga.

Maneno hayo Mtaalamu aliwahi kuyasikia mahali, hakukumbuka wapi. Akimkimbilia, namba zinaungua. Na kamera kitu gani mbele ya sefu? Alimwonea huruma mama wa watu, kumwacha mgeni peke yake na utajiri wa baba yake. Akaviringisha saa nzima, jasho likimtoka, akalifunga tangi, akakimbia nalo dukani.

Mwenye duka alimwomba asubiri. Alikuwa anamalizia filamu ya mjane aliyeingia mbiombio na dada yake. Kwenye kamba ilining'inia picha mbichi ya mwanamume anacheka, jino moja hana.

Kisha mwenye duka akaingia na tangi kwenye chumba cha giza. Alikaa humo kitambo. Alipotoka, mkononi alishika tepu ya kupimia nguo, vyuma vya nchani vimekatwa.

"Namba zipo, kaka," alisema. "Moja mpaka mia na hamsini."