Blanketi la Ubatizo na Dawa ya Kuchua

Leo nimeaibika, wapendwa. Tena kanisani, hapa Kiruruma, mbele ya mchungaji.

Mnavijua vidole vyangu. Vimekakamaa kama mizizi ya mibuni mizee. Lakini leo mjukuu wangu Atugonza alikuwa anabatizwa, nami nilitaka afunikwe blanketi la viraka nililoshona mwenyewe, kwa mkono, kabla mikono hii haijakataa kabisa.

Mama Editha, anayetufundisha akina mama kushona, alinionya mapema. "Bibi, usiibane sindano. Ivute kwa kipande hiki cha mpira wa baiskeli. Vidole vikiuma, weka chini, pumzika."

Mpira niliukubali, ukanisaidia sana. Kupumzika nikakataa. (Nimekulia kwenye jembe mimi!) Vikiuma, napaka dawa ya kuchua, ile kali ya kopo dogo, naendelea kushona. Harufu yake nilishaizoea, hata siisikii. Blanketi lilipokamilika nikalifungia kwenye mfuko wa plastiki lisishike vumbi.

Leo likafunguliwa kanisani. Mkwe wangu akamfunika mtoto. Mchungaji, mwenye mafua tangu juzi, akampokea, akainama kumwombea. Machozi yakamtiririka!

Nikajua Roho ameshuka. Nikainua mikono: "Asante Yesu!" Mzee wa kanisa aliyeshika bakuli la maji naye akaanza kulia. Kwaya ikaanzisha wimbo!

Ndipo Atugonza akapiga chafya. Kisha akaangua kilio.

Mchungaji akafuta macho kwa mkono wa joho, akauliza taratibu, kipaza sauti kikiwa wazi: "Bibi, hili blanketi lina nini?"

"Dawa ya kuchua, Mchungaji. Ya vidole."

Kanisa zima likacheka. (Kwaya ndiyo iliyoanza.) Mtoto akabatizwa amefunikwa kitenge cha Mama Editha, aliyeninong'oneza: "Si nilikwambia upumzike, Bibi?"

Nimelifua. Limeanikwa uani. Mume wangu amehamisha mkeka wake wa kuanikia kahawa, eti itanuka hospitali. Namshukuru Mungu mtoto ni mzima, lakini moyo unaniuma: kwenye picha za ubatizo hakuna hata kiraka changu kimoja. Laiti ningepumzisha mikono tu.

Basi msinicheke. Mchungaji amenipigia jioni hii. Pua yake iliyozibwa na mafua imefunguka, anauliza kama nina kiraka kilichobaki.