Kichwa cha Pili cha Kebo

Jumatatu, 9 Juni

Siku njema sana! Nimepata mashine ya kuchoma diski, yaani kutia video kwenye diski, kule sokoni Muthurwa, ile ya kuchomeka nje ya kompyuta. Nyembamba, safi, karibu mpya. Muuzaji aliapa kwa jina la mamake. Kebo yake ina vichwa viwili vya USB upande mmoja. Viwili vya nini? Ubadhirifu mtupu. Nikakata kimoja kwa makasi, nikakiunga na kipande cha kebo ya zamani, na sasa kinachaji simu yangu. Mtu mwenye akili hatupi kitu.

Kazi ya kwanza ni ya Shangazi Amondi. Mwaka jana nilimrekodi mumewe, Zedekiah, akiimba besi kwenye sherehe ya kustaafu kwake kazi ya reli. Miezi miwili baadaye tukamzika. Hakuna mahali pengine popote sauti yake ilipobaki. Ijumaa jioni Shangazi anapanda basi kwenda Ugenya kwa ukumbusho wa Jumamosi, na anataka diski ya kutia kwenye deki ya televisheni, watu wote waketi watazame. Nilimwambia nitamtumia kwa simu. Akasema kwenye simu mumewe anakuwa mdogo, na Zedekiah hakuwa mtu mdogo. Nimeahidi Ijumaa asubuhi. Nimeahidi kwa mkono kifuani.

Jumanne, 10 Juni

Kompyuta haioni mashine. Nimechomeka, taa ikawaka kidogo, ikazima. Nimeandika amri zote ninazozijua. Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, inaorodhesha kipanya, kibodi, hata kamera mbovu. Mashine ya diski? Hakuna kitu kama hicho.

Wahome amenisikia nikisonya. Tunagawana kibanda kimoja cha kazi za video na kompyuta hapa Umoja, ubao katikati, soketi moja. Upande wake Windows, upande wangu Linux. Akachungulia juu ya ubao: “Niaje Sylvance, hiyo kitu imekataa?” Nikamwambia inajipanga.

Kosa ni langu. Januari, baada ya kubishana naye, niliandika mbele ya kibanda kwa rangi nyekundu ya mafuta: HAPA HATUTUMII WINDOWS. Sasa nitamwendeaje? Natamani ningetumia chaki.

Jumatano, 11 Juni

Mbinu! Nimempelekea Wahome video kwenye flashi, nikajifanya namjaribu tu, kama kompyuta yake inaweza hata kuifungua. Nilitarajia aichome kwa kujigamba, nami niichukue diski kama kwa bahati mbaya.

Ameinakili, ameifungua, ameitazama hadi mwisho. Kisha akasema mzee alikuwa na sauti. Akasema ataichoma kwa dakika kumi, na sitalipa chochote.

Hapo ndipo ningesema asante. Badala yake nikamwona Shangazi kichwani mwangu akimbariki Wahome mbele ya ukoo mzima. Nikamwamuru aifute mara moja. Akanitazama kidogo, akasema sawa. Sikulala mchana kama kawaida yangu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimegundua tatizo. Linux yangu imezeeka! Nikaamua kuweka mpya. Ilihitaji flashi ya kuibeba, kwa hiyo nikaifuta ile yenye video. Kadi ya kamera nayo ilishafutwa, ikatumika kwenye harusi kule Donholm. Haidhuru, video imo ndani ya kompyuta.

Katikati ya kazi ikaniuliza kama nataka kufuta kila kitu kilichomo. Nikabonyeza ndiyo, upesi, kwa sababu Wahome alikuwa anachungulia na sikutaka aone nikisoma maelekezo.

Saa saba mchana Linux mpya ikawaka. Maridadi! Mashine ya diski bado haionekani. Saa saba na nusu nikaitafuta video ya Zedekiah.

Nimeketi tu. Sijala. Nimempoteza mume wa Shangazi mara ya pili, na safari hii hakuugua hata siku moja.

Ijumaa, 13 Juni

Shangazi alifika saa nne na mizigo yake, kitambaa cha kanisa kichwani. Nilikuwa nimetayarisha uongo mzuri kuhusu umeme. Kinywa kikakataa. Nikamwambia nimeifuta.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akasema polepole kwamba siku hizi akijaribu kukumbuka sauti ile, haiji vizuri. Ndiyo maana aliitaka.

Wahome akazunguka ubao, diski mkononi. “Mama, pole. Sylvance aliniwachia hii juzi nimwekee. Amesahau tu.” Hakuwa ameifuta. Juu ya diski alikuwa ameandika kwa kalamu nene ZEDEKIAH, na chini yake: Imerekodiwa na Sylvance.

Shangazi akalia. Akatushika mikono sote wawili. Nilitaka ardhi inimeze.

Alipoondoka, Wahome akauliza kichwa cha pili cha kebo kiko wapi, maana mashine hizo nyembamba hazishibi umeme wa tundu moja. Nikaitazama simu yangu. Ilikuwa imejaa asilimia mia.

Jumapili, 15 Juni

Shangazi amepiga simu asubuhi kutoka Ugenya. Diski ilicheza bila kukwama. Waliurudia wimbo mara sita. Wanakwaya wa huko waliimba sauti nyingine zote, wakamwachia Zedekiah besi yake. Akasema Mungu aibariki mikono yangu.

Nilitaka kumtaja Wahome. Jina lilikuwa kwenye ulimi kabisa. Nikasema amina. Nimejuta kanisani, nimejuta nikirudi.

Lazima nimlipe Wahome wema wake. Nimelifikiria jambo hili mahubiri yote. Kompyuta yake siku hizi ni nzito mno, imejaa video za watu, na ile ya Zedekiah pia imo. Kesho saa saba ataenda kula kama kawaida. Nitamwekea Linux bila yeye kujua, akirudi aikute inang'aa. Flashi iko tayari mfukoni. Ikiniuliza chochote, nitabonyeza ndiyo.